Mayi tunayoachia Kolwezi inafika Bukama

Bandugu wafanyakazi, na ninyi bamama munaotungojea nyumbani,

Ile samaki tunakula na bukari, mingi inatoka Bukama, Kikondja na Malemba-Nkulu. Kule Lualaba inaacha kukimbia. Kila majira ya mvua mayi inapanda, inafunika majani yote karibu na maziwa ya Upemba na Kisale. Samaki wanaingia mu yale majani kuzaa. Mayi ikishuka, watoto wao wanarudi mutoni. Majani yakiharibika, sahani yetu pia imeharibika.

Kando ya mayi ile kunaishi swala wa Upemba, asiyepatikana fasi ingine duniani. Mwanzo wa miaka ya 1970 walihesabiwa karibu 22 000. Mwaka 2024 watafiti walizunguka na ndege. Wanasema pengine hawafike tena 100. Tuseme ukweli: wale waliuawa na bunduki ya wawindaji, si na mugodi.

Lakini mayi ni mambo yetu. Lualaba inapita Kolwezi mbele ya Bukama. Lufira inapokea mayi ya Likasi, kisha inakutana na Lualaba kule kule Kisale. Usiku moja, mvua kali, basini ya kiwanda ilijaa. Shefu aliniambia: fungua vane, mvua itabeba. Nilifungua. Nilinyamaza. Mpaka leo najiuliza ilibeba mpaka wapi.

Kwa hiyo, kazi ya kwanza ni kupima. Na si mayi tu: hata matope na samaki, kiangazi na majira ya mvua, toka Kolwezi mpaka Kikondja. Metali inalala mu matope. Mayi inaweza kuonekana safi na bado kuna sumu chini. Ya pili: kujua fasi samaki wanazalia, na kupatana na wavuvi wasitupe nyavu pale wakati wa kuzaa. Ya tatu: kuhesabu swala kila mwaka na kulinda wale wamebaki.

Na sisi? Sindika iombe mambo mbili. Matokeo ya vipimo vya mayi yabandikwe pa mulango wa kiwanda, kwa Kiswahili. Na mufanyakazi anayekataa kufungua vane usiku asifukuzwe kazi.

Delege wenu akikuja juma hili, mumuulize kama ameandika mambo hayo.