Kwa nini nyani humshinda mlinzi wa shamba kwa subira

MABIBO yanapoanza kuiva katika wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, kulinda shamba huwa kazi ngumu pengine kuliko kulilima. Mlinzi hupanda dunguni alfajiri akiwa na manati na debe bovu la kugonga. Nyani nao huketi pembezoni mwa kichaka, kimya, wakimtazama. Hawakurupuki. Husubiri hadi ateremke kwenda kula au kutafuta maji, ambayo juu ya uwanda wa Makonde aghalabu hayapatikani karibu, ndipo waingie.

Wakulima huuita ujanja. Wanasayansi wanaochunguza tabia za kima, nyani na sokwe huutazama kama uwezo wa kujizuia: mnyama anakiona chakula, anakitamani, lakini anaizuia mikono yake hadi wakati ufaao. Uwezo huo huandamana na mwingine, wa kuacha mbinu iliyozoeleka na kushika mpya pale mambo yanapobadilika.

Moja ya njia za kuupima ni rahisi kiasi cha kuchekesha. Mnyama hufundishwa kuchukua chakula ndani ya bomba lisiloonyesha ndani, kwa kupitisha mkono kwenye tundu la ubavuni. Akishazoea, hupewa bomba la kioo au plastiki angavu. Sasa chakula kiko mbele ya macho yake, na kishawishi ni kukivamia moja kwa moja. Anayejizuia hukumbuka tundu la ubavuni. Asiyejizuia hugonga ukuta wa bomba.

Kipimo hicho na kingine kimoja vilitumika katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha wanyama 567 wa aina 36, wakiwamo ndege. Ilibainika kwamba wenye ubongo mkubwa, kwa kipimo cha ubongo wenyewe na si uwiano wake na mwili, walijizuia vizuri zaidi. Kwa kima, nyani na jamaa zao lilijitokeza jambo jingine: wanaokula vyakula vya namna nyingi waliwashinda wenye mlo finyu, ilhali ukubwa wa kundi haukuonekana kuwa na uzito.

Utafiti wa awali, wa mwaka 2008, ulielekeza kwingine. Ulilinganisha aina saba na kukuta kwamba wale ambao makundi yao hugawanyika na kuungana tena kila mara, kama sokwe, walijizuia vizuri kuliko gorila na baadhi ya kima waishio katika makundi yasiyotawanyika. Sokwe wa Gombe na Mahale, mkoani Kigoma, huishi maisha hayo ya kutengana na kukutana.

Nyani wa manjano wa kusini mwa Tanzania hawaishi hivyo. Kundi hutembea kwa pamoja. Kwa hiyo, kwao, maelezo ya mlo yanaelekea kufaa zaidi. Nyani hula matunda, mbegu, majani, mizizi, wadudu, hata watoto wa swala. Mnyama wa namna hiyo hukutana na shamba la muhogo, mahindi au karanga kama mtu aliyeongezewa sahani mezani.

Korosho yenyewe ni mtihani wa aina yake. Bibo ni tamu, lakini ganda la korosho inayoning'inia chini yake lina mafuta makali yanayounguza ngozi na midomo. Mkorosho ulitoka Brazili, ukaletwa na Wareno katika pwani ya Afrika Mashariki karne ya 16. Huko ulikotoka, katika hifadhi ya Serra da Capivara, kima hupasua korosho kwa mawe, na mawe yaliyofukuliwa ardhini yanaonyesha kwamba wamekuwa wakifanya hivyo kwa miaka isiyopungua 600.

Historia ya kusini nayo imewasaidia wanyama hawa. Katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji vya pamoja, mikorosho mingi ilibaki mbali na makazi. Uzalishaji wa korosho nchini, uliofikia takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, uliporomoka vibaya katika mwongo uliofuata. Shamba lililoachwa hugeuka kichaka, na kichaka ndicho baraza la nyani.

Kenya ilipata somo kama hilo karibu na Gilgil. Ranchi ya Kekopey ilipouzwa na kugawiwa wakulima, nyani waliokuwa wakichunguzwa na mtafiti Shirley Strum walianza kuvamia mazao. Hawakufanya hivyo wote kwa kiwango kimoja, na hilo linafaa kukumbukwa na kila anayesema nyani ni nyani tu. Mwaka 1984 makundi matatu yalihamishiwa Laikipia. Ni kazi ya gharama ambayo wilaya yenye wakulima wadogo haiwezi kuitegemea.

Kinachobaki ni ulinzi, na hapo ndipo gharama humwangukia mtu. Mtoto anayeshinda dunguni hayuko darasani. Mama anayelinda mchana hana nafasi ya kazi nyingine, na katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki wakulima husimulia kwamba nyani huwaogopa wanawake na watoto kidogo kuliko wanaume.

Sanamu ya matambara husaidia siku chache tu. Mnyama mwepesi wa kubadili mbinu akishaona haisogei, huipita. Hali kadhalika debe linalogongwa kwa saa zile zile. Kufyeka kichaka kinachopakana na shamba kunamnyima nyani mahali pa kusubiria. Majirani wanaopokezana zamu nao huziba pengo analolingojea, yaani ile saa ya mchana ambapo dungu hubaki tupu.