Mama Aliyejifungua kwa Shida

Akina mama wengi hapa kambini wamejifungua kwa shida: uchungu wa siku mbili, kutokwa damu nyingi, kupasuliwa usiku, au kufiwa na mtoto. Kidonda kinapona, majirani wanasema "mshukuru Mungu, uko hai", lakini mama hapati usingizi. Anaota kile chumba cha kujifungulia. Akisikia gari la wagonjwa, moyo unamwenda mbio. Wengine huogopa kurudi kliniki hata kwa chanjo ya mtoto, au humnyonyesha bila kumwonea upendo, kisha wakajiona wabaya.

Huo si uvivu, wala hajarogwa. Ni mshtuko, na aliyekwisha kukimbia vita huupata kwa urahisi zaidi.

Machozi ya siku za kwanza ni ya kawaida. Yakipita wiki 2, nenda zahanati umweleze mkunga. Muulize pia ni nini kilitokea siku ile na kwa nini ulipasuliwa. Kuelewa huleta nafuu.

Baba, teka maji, beba mtoto, mama alale. Akitaka kusema, msikilize; asipotaka, usimlazimishe. Wala usimharakishe kupata mimba nyingine.

Mkojo ukivuja wenyewe baada ya uchungu mrefu, usijifiche nyumbani kwa aibu. Huenda ni fistula, nayo mara nyingi hutibika kwa upasuaji.

Mama akisikia sauti zisizokuwapo, au akisema atajiua au atamdhuru mtoto, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.