Hitilafu Inayokuja na Kuondoka: Vichakataji na Mitambo ya Industrial Area

Katika viwanda vya Industrial Area jijini Nairobi, kuanzia Enterprise Road hadi Lunga Lunga Road, mizani, mashine za kufungasha bidhaa na vichapishi vya lebo hutegemea kompyuta, na hitilafu inayowasumbua mafundi kuliko zote ni ile isiyotulia: kifaa hugoma saa nane mchana, hujaribiwa saa tisa na kukutwa kizima, kisha hugoma tena siku ya tatu bila mtu kukigusa. Lawama ya kwanza huangukia stima, joto au vumbi, na mara nyingi ni lawama ya haki, kwa kuwa umeme unaopanda na kushuka huziumiza kweli saketi za elektroniki. Ipo hata hivyo asili nyingine isiyotajwa sana, nayo ni tofauti za muundo wa kichakataji, yaani prosesa, kile kipande cha silikoni kinachosoma maagizo ya programu na kuyatekeleza. Kifaa kinaweza kuwa kizima, nyaya zikawa nzima na programu ikawa ileile iliyofanya kazi kwa miaka kumi, lakini kompyuta ilipobadilishwa kichakataji kipya kikaja na tabia ambazo mwandishi wa programu hakuzitarajia.

Baina ya programu kuu na kifaa hukaa kiendeshi, ambacho ni programu ndogo inayopitisha maagizo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kifaa chenye sehemu zinazosogea ni cha polepole mno mbele ya kichakataji, hivyo kiendeshi hulazimika kungoja kila kinapotoa agizo, na katika programu nyingi za miaka ya 1980 na 1990 kungoja huko kulifanywa kwa kukiamuru kichakataji kirudie agizo tupu maelfu ya mara, kana kwamba idadi ya marudio ndiyo kipimo cha muda.

Udhaifu wa dhana hiyo ulifichuka mwaka 1998, kampuni ya AMD ya Marekani ilipotoa kichakataji cha K6-2. Agizo la kurudia hesabu, ambalo katika Pentium II ya Intel lilichukua mapigo kadhaa ya saa ya ndani, lilimalizwa na K6-2 kwa pigo moja. Windows 95 ilikuwa na viendeshi vilivyoipima kasi ya kompyuta wakati wa kuwaka kwa kulirudia agizo hilo idadi maalumu ya mara na kisha kugawanya kwa muda uliotumika. Katika K6-2 za megahezi 350 na zaidi muda huo ulikuwa mfupi kiasi kwamba jawabu lilizidi nafasi iliyotengewa, na kompyuta ikagoma kuwaka. Jambo la kuzingatia ni kwamba haikugoma kila mara. Saa inayohesabu milisekunde nzima inaweza kuusoma muda uleule kuwa mbili mara hii na tatu mara nyingine, ikitegemea kipimo kilianzia wapi kati ya pigo na pigo, na kwa hiyo mashine iliyowaka leo iliweza kugoma kesho. Microsoft ilitoa marekebisho, wala hapakuwa na kipande kilichoharibika: kichakataji kilitenda sawasawa, tena kwa ubora, na vifaa vilivyotuhumiwa vilikuwa vizima. Kasoro ya aina hiyohiyo ilirudi katika Windows 98 vichakataji vilipovuka gigahezi 2.1.

Vichakataji vya leo vimezidisha ugumu kwa sababu havina tena mwendo mmoja. Hupunguza mapigo vinapokosa kazi ili kuokoa umeme, huyaongeza kazi inapozidi, huyapunguza tena joto likikaribia kikomo, na kila muundo una vikomo vyake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na feni ileile huondoa joto pungufu kuliko lile ambalo ingeliondoa pwani hewa ikiwa na joto sawa. Ukiongeza karakana yenye paa la mabati, kompyuta iliyowashwa alfajiri huwa na mwendo mwingine ifikapo alasiri. Mwendo ukishuka, vipimo vya mizani huwahi kufika kabla ya vilivyotangulia kusomwa, na vingine hupotea. Ukipanda, agizo la pili hutumwa kifaa kikiwa hakijamaliza la kwanza. Fundi anayeliona kosa likifuata joto hukihukumu kifaa kuwa kimechoka, na hukumu hiyo, ingawa inaeleweka, huweza kusababisha kifaa kizima kitupwe.

Tofauti iliyojificha zaidi haihusu kasi bali mfuatano. Tangu miaka ya 1960 wahandisi wamejenga vichakataji vinavyotekeleza maagizo nje ya mpangilio yalivyoandikwa, ili agizo lililo tayari lisizuiwe na lile linalosubiri, na miundo hutofautiana katika kiasi cha uhuru huo kinachoruhusiwa kuonekana nje. Vichakataji vya nasaba ya x86, yaani vya Intel na AMD, kwa kawaida huhakikisha kwamba maandishi mawili yaliyopelekwa kwenye kumbukumbu yataonekana kwa mfuatano wake; vile vya nasaba ya ARM, vilivyomo katika simu nyingi na katika kompyuta ndogo kama Raspberry Pi iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, havitoi ahadi hiyo. Kiendeshi huandika kwanza data kwenye kumbukumbu, kisha hukipa kifaa ishara kije kuichukua, sawa na karani wa ghala anayepaswa kupanga shehena mlangoni ndipo amwite dereva wa lori: wito ukitangulia, dereva huondoka na mzigo wa jana. Dawa yake ni agizo la kizuizi, ambalo hukilazimisha kichakataji kukamilisha maandishi yaliyotangulia kabla ya kuendelea. Mwandishi aliyelisahau huenda asigundue kosa lake kamwe katika x86. Programu ikihamishiwa ARM, mfuatano huweza kugeuka mara moja tu kati ya mamilioni, na majaribio ya siku nzima yakapita salama. Apple, ilipohamia vichakataji vyake vya M1 mwaka 2020, iliviwekea hali maalumu ya kufuata mfuatano wa Intel pale vinapoendesha programu za Intel.

Kumbukumbu ya akiba, yaani hifadhi ndogo ya haraka iliyo ndani ya kichakataji, huleta mgongano unaokaribiana na huo: miundo mingine huhakikisha kwa saketi zake kwamba kifaa na kichakataji vinaona data moja, ilhali mingine humwachia mwandishi wa kiendeshi jukumu hilo.

Suala hili la kasoro zinazotegemea muda ni la afya kama lilivyo la uzalishaji. Therac-25, mashine ya Kanada ya kutibu saratani kwa mionzi, iliwapa wagonjwa sita dozi kubwa kupita kiasi kati ya mwaka 1985 na 1987, na baadhi yao wakafa. Mojawapo ya vyanzo ilikuwa kasoro ya programu iliyotegemea kasi ya mhudumu katika kusahihisha maelezo. Kasoro hiyo ilikuwemo katika mashine iliyoitangulia, Therac-20, lakini humo kinga za umeme zisizotegemea programu zilikata fyuzi, na fyuzi hizo zikachukuliwa kuwa kero tu. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye kiwanda azikinge sehemu hatari za mashine, na idara inayoisimamia ina ofisi Commercial Street, humohumo Industrial Area. Kitufe cha kusimamisha mashine kwa dharura kinapaswa kukata umeme moja kwa moja, bila kusubiri kichakataji chochote kiamue.

Kwa fundi, kipimo cha kuaminika ni kukirudisha kifaa kwenye kompyuta ya zamani, au kuufunga mwendo wa kichakataji kipya usibadilike, huku saa, joto na kazi iliyokuwa ikiendelea vikiandikwa kila kosa linapotokea. Kosa likibaki kwenye kompyuta mpya pekee, tiba mara nyingi ni mstari mmoja wa programu, lakini mstari huo huongezwa na mwenye maandishi asilia ya kiendeshi tu, na viwanda vingi hununua mashine bila kuyadai. Mkataba wa ununuzi unaostahili kutiwa saini ni ule unaotaja aina ya kichakataji ambacho kiendeshi kimejaribiwa nacho, na unaomlazimu muuzaji kukabidhi maandishi hayo siku atakapoacha kuitunza mashine.