Nadhiri na Deni: Mapatano ya Warumi wa Kale na Miungu Yao

Ibada za kipagani mara nyingi huelezwa kana kwamba zilikuwa biashara tupu: mwabudu hutoa sadaka, na mungu humlipa mvua, afya au ushindi. Maelezo hayo hufupishwa kwa maneno ya Kilatini do ut des, yaani «nakupa ili unipe». Walakini maneno hayo ni ya wanasheria wa Rumi, waliyoyatumia kueleza mikataba baina ya mtu na mtu. Nadhiri ya Mrumi, iliyoitwa votum, ilikuwa na mpango mwingine.

Katika votum malipo hayakutangulia. Mwombaji alitaja haja yake na kile atakachotoa iwapo haja hiyo itatimizwa. Tangu hapo aliitwa voti reus, mwenye kufungwa na nadhiri. Na haja ikitimizwa, aliitwa voti damnatus, aliyehukumiwa kulipa. Asipojaliwa, hakuwa na deni. Madhabahu nyingi zilizosalia katika nchi zilizotawaliwa na Rumi zina herufi V.S.L.M., ambazo maana yake ni kwamba mtoaji ameondoa nadhiri yake kwa ridhaa, naye mungu amestahili.

Kwa kuwa deni lilikuwa la mwanadamu, hapana budi masharti yapimwe vema. Mshairi Ovidius, katika kitabu cha tatu cha Fasti, asimulia jinsi mfalme Numa alivyomwomba Jupiter njia ya kuepusha radi. Mungu alitaka kichwa. Numa akakubali, kichwa cha kitunguu. Jupiter akasema ni cha mtu. Numa akajibu kwamba atatoa nywele zake. Alipodai uhai, Numa akatoa uhai wa samaki. Jupiter akacheka, akaridhika.

Hadithi hiyo ni ya masihara, bali mambo ya dola yalifuata njia iyo hiyo. Mwaka 217 K.K., baada ya Hannibal kuwashinda Warumi kando ya ziwa Trasimenus, watu wa Rumi walimwahidi Jupiter wanyama wote watakaozaliwa katika majira ya kuchipua ya mwaka mmoja: nguruwe, kondoo, mbuzi na ng'ombe, iwapo dola itasalimika kwa miaka mitano. Mwanahistoria Livius ameyahifadhi masharti yake. Mnyama akifa kabla ya kuchinjwa, hapana kosa. Akiibwa, hatia haiwi juu ya watu wala juu ya aliyeibiwa. Akichinjwa siku mbaya pasipo kujua, sadaka ni halali. Nadhiri hiyo iliondolewa mwaka 195 K.K., ikaonekana ina kasoro, ikarudiwa mwaka 194 K.K. Waliojiwekea masharti mepesi ndio hao hao waliolipa mara mbili.

Mungu, kwa upande wake, hakufungwa na neno lolote. Lakini wema wake ulitarajiwa. Mwaka 19 baada ya Kristo, Germanicus alipokuwa mgonjwa katika Shamu, ulienea Rumi uvumi kwamba amepona. Suetonius aeleza kwamba watu walikimbilia Capitolium usiku, wakiwa na mienge na wanyama wa sadaka, nusura waing'oe milango ya hekalu kwa haraka ya kuondoa nadhiri zao. Uvumi ulikuwa wa uongo. Siku aliyokufa, asema mwandishi huyo, mahekalu yalipigwa mawe na madhabahu zikapinduliwa. Mwenye kununua hudai fedha zake. Hao walighadhibika kama watu walioachwa na rafiki.

Basi mfasiri asiite votum «mkataba», kwa maana mkataba hufunga pande mbili. Neno nadhiri, ingawa limetokana na Kiarabu na limezoea dini ya Mungu mmoja, lafaa zaidi. Kitenzi solvere chaeleza kufungua na pia kulipa. Na Kiswahili nacho husema kuweka nadhiri na kuiondoa, kama mzigo uliokuwa juu ya mtu, naye sasa ameutua.