Senene Wako Wakali, ila Unamuuzia Nani?

Oya wana wa Izimbya, Rubale, Kamachumu mpaka Muleba mjini, tuongee mkwanja. Huku kwetu mzigo haujawahi kuwa shida. Kahawa ipo, ndizi zipo, na senene wakishuka Novemba kitaa kizima hakilali: taa kali, mabati, mapipa, watu wanakesha. Bado msela anakaanga ndoo nzima, anapanga stendi, jioni anarudi na nusu ya mzigo huku analalamika watu hawana hela. Hela wanayo. Tatizo kuna swali tunaliruka: nani ananunua, na ananunua ili iweje?

Mwaka 1960 kule Marekani, mwalimu wa chuo anaitwa E. Jerome McCarthy aliyapanga masoko kwenye mafungu manne: bidhaa, bei, mahali na promosheni. Mwaka huohuo Theodore Levitt wa Harvard akaandika kwamba kampuni za reli zilipoteza abiria kwa sababu zilijiona zinauza treni, wakati abiria shida yake ilikuwa safari tu. Waunganishe hao wazee wawili, somo ni moja. Yale mafungu manne hayakusaidii kitu mpaka umjue mtu wako anataka nini.

Senene walewale, watu watatu

Cheki stendi ya Bukoba asubuhi. Wa kwanza ni bodaboda pale kijiweni. Anataka senene wa jero, wenye chumvi ya kutosha, ale sasa hivi kabla abiria hajaita. Kikaratasi safi kinamtosha.

Wa pili ni abiria wa basi la Dar. Huyu senene hali yeye, wanaliwa na shemeji yake Tabata. Kwa hiyo anawaza kama mafuta yatavuja kwenye begi, kama harufu itasumbua basi zima, na kama akifika atakabidhi kitu cha heshima. Ukimpa kimfuko laini kilichofungwa fundo, umemzingua hata kama senene ni watamu kinoma.

Wa tatu ni Mhaya aliyelowea Mwanza au Dar, hajarudi nyumbani muda mrefu. Anataka wale wa kukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, mabawa na miguu vimetolewa vyote, na namba ya simu kwenye pakiti ili wakiisha aagize tena.

Huyo wa pili mtilie maanani. Enzi za bibi zetu, mwanamke wa Kihaya alikamata senene, akaandaa, akampelekea mume, na mume akajibu kwa zawadi ya nguo. Senene walikuwa zawadi kabla sisi hatujazaliwa. Kwa hiyo ukifungasha vizuri hujaiga mambo ya kizungu. Unairudishia bidhaa heshima iliyokuwa nayo.

Bei: hesabu usiku wako

Hapa ndipo masela wengi wanachoma. Tuseme ndoo ya senene umeichukua kwa 30,000. Mkaa na chumvi 4,000. Vifungashio 40 vya 150 kila kimoja ni 6,000. Boda ya kwenda na kurudi 4,000. Jumla 44,000, ukitoa pakiti 40 kila moja imekula 1,100. Ukiuza buku, unapoteza mia kila unapomwambia mteja asante.

Na bado hujajilipa. Wewe na dogo mmekesha mnanyonyoa mabawa. Weka 5,000 kwa kila mmoja, gharama inapanda mpaka 54,000, yaani 1,350 kwa pakiti. Sasa mwachie mwenye duka kwa buku mbili, naye auze 2,500. Wewe unabaki na 650 kwa pakiti, na pakiti 40 zinakupa 26,000 safi. Yule abiria wa Dar hashtuki kutoa 2,500 kwa zawadi inayoeleweka. Bodaboda atashtuka, ndiyo maana wa kwake unampimia kidogo kwa jero na hulipii kifungashio cha kishua.

Wazee wetu wanaijua vizuri hasara ya bei ya kukurupuka. Inaitwa butura: mzee amebanwa na ada, anauza kahawa ikiwa bado maua mtini, mnunuzi anapanga bei anavyotaka. Kuuza buku bila hesabu ni butura ya kijana.

Mahali: mfuate alipo

Kiwanda cha TANICA kiko hapahapa Bukoba, na tangu miaka ya 1960 kinaigeuza robusta yetu kuwa kahawa ya kukoroga na maji moto. Africafé yao ipo ya kopo na ipo ya vipakiti vidogo. Mama mwenye familia anabeba kopo. Msela wa geto anachukua kipakiti kwa Mangi, anachemsha maji, mambo freshi. Kahawa ni ileile, imekatwa kwa saizi ya mifuko tofauti. Ule ndio mchezo wa kuusoma.

Kwa Izimbya, mchezo huohuo usome kwenye geti la hospitali. Ndugu wa wagonjwa wanatoka vijijini alfajiri, wamechoka, wana mawazo. Wanahitaji uji wa moto, chai, ndizi iliyochemshwa, mahali pasafi pa kukaa na chenji ya haraka. Ukiwapelekea senene wa zawadi kwenye boksi, hujamsoma mtu. Ukiwawekea chupa ya chai iliyo safi saa 12 asubuhi, wewe ni msaada kwao na hela inaingia.

Promosheni: onyesha kazi

Kuandika "senene wapo, karibuni" kwenye status ya WhatsApp hakumwambii mtu wa Dar chochote. Mrekodi dogo akiwa amenawa mikono ananyonyoa, onyesha sufuria, onyesha tarehe ukiiandika kwenye pakiti. Mnunuzi wa mbali hawezi kuonja, anachonunua kwanza ni imani. Tarehe ya kukaangwa na neno Izimbya kwenye lebo vinamjengea imani hiyo kuliko maneno matamu.

Ukitaka kuingia supamaketi, nenda ofisi ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) pale Bukoba wakuelekeze njia ya kwenda TBS kwa ajili ya alama ya ubora. Pia utahitaji msimbomilia (barcode); wa bidhaa zilizosajiliwa Tanzania unaanza na 620. Ni mchakato, ila unamruka mnunuzi wa jumla anayekupangia bei.

Jambo la mwisho ambalo wengi hatulipigii hesabu: senene ni wa msimu, wengi Novemba na Desemba, kidogo Aprili na Mei. Miezi mingine jina lako linapotea kwenye simu za watu. Hapo ndipo akamwani inakuokoa. Kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani ya mitishamba na kukaushwa vizuri, inakaa muda mrefu, na mgeni wa Kihaya anakaribishwa nayo mwaka mzima. Weka jina lilelile, lebo ileile, namba ileile. Senene wakuletee wateja, akamwani iwatunze mpaka senene wengine washuke.

Kwa hiyo kabla ya Novemba chagua aina moja tu ya mteja kati ya wale watatu. Tengeneza pakiti kumi kwa ajili yao, wauzie kwa bei uliyoipigia hesabu, halafu baada ya wiki mpigie kila mmoja: "Waitu, walikuwaje? Utachukua tena?" Wakisema hapana, usimlaumu mtu wala usitupe mtaji wote. Badilisha fungu moja kati ya yale manne, jaribu tena. Wakianza kukupigia wao kabla hujawapigia, hapo kopa ndoo ya pili.