Je, Wajua? Vimbunga Vingi vya Atlantiki Asili Yake Afrika

• Je, wajua kwamba takriban asilimia 85 ya vimbunga vikubwa vya Bahari ya Atlantiki hutokana na mawimbi ya upepo yanayotoka Afrika? Mawimbi kama 60 hivi hulivuka bara letu kila mwaka kuelekea magharibi. Mengi huanzia Sudan na nyanda za juu za Ethiopia.

• Mawimbi hayo huletwa na tofauti ya joto. Majira ya kiangazi cha kaskazini, Sahara huwaka ilhali pwani ya Ghuba ya Guinea ina ubaridi kiasi. Hapo huzuka mkondo wa upepo uendao magharibi, kilomita 3 hadi 4 juu ya ardhi. Mkondo ukiyumba, wimbi limezaliwa. Kila baada ya siku 3 hadi 5 hupita jingine, na wakulima wa Niger na Mali hupata mvua za radi.

• Mengi hufia baharini. Ili wimbi ligeuke kimbunga, lazima likute maji yenye joto la nyuzi 26 au zaidi, hewa yenye unyevu, na pepo za juu zisizopishana sana na za chini. Mvuke ukigeuka maji hutoa joto; hewa hupanda, mgandamizo hushuka, upepo huanza kuzunguka. Hewa kavu ya Sahara, iliyojaa vumbi, ikiingia katikati, mawingu husambaratika.

• Wimbi lililozaa kimbunga Irma liliiacha pwani ya Afrika Magharibi tarehe 27 Agosti 2017. Siku 3 baadaye lilikuwa dhoruba yenye jina. Tarehe 6 Septemba Irma ikakipiga kisiwa cha Barbuda kwa upepo wa takriban kilomita 285 kwa saa.

• Mawimbi yasiyozaa kitu Atlantiki hayaishii hapo yote. Baadhi huvuka Amerika ya Kati na kuzua vimbunga katika Pasifiki.

• Na kwetu Afrika Mashariki je? Mwaka 1971 wanasayansi Roland Madden na Paul Julian walieleza mfumo mkubwa wa mvua unaokwenda mashariki ukiizunguka dunia kwa siku 30 hadi 60. Ukiwa juu ya Bahari ya Hindi, vimbunga huko huzuka kwa urahisi zaidi. Lakini karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia ni hafifu mno kuuzungusha upepo. Ndiyo maana Mombasa hukosa vimbunga ambavyo Msumbiji na Madagaska huvipata.