PUA ZETU HAZIKO SAWA

Kule Bugolobi, Kampala, ulipo mtambo wa kusafishia majitaka, askari wawili waweza kushika lindo moja, mmoja akalalamikia uvundo fulani, mwenziwe asiusikie. Tusiharakishe kumwita yeyote mwongo.

Mwaka 1991, Linda Buck na Richard Axel wa Marekani walitangaza ugunduzi wa jeni ziundazo vipokezi vya harufu puani. Mwaka 2004 walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Sisi binadamu tunazo jeni kama 400 zifanyazo kazi. Nyingine nyingi zaidi zimekufa katika mageuzi ya mamilioni ya miaka. Mbwa anazo kama 800, na ndovu wa Afrika karibu 2,000. Tena jeni hizo hutofautiana baina ya mtu na mtu, hata harufu impigayo mmoja ikampita mwingine.

Basi mlinzi asipuuze kauli ya mwenziwe, wala ishara ya mbwa wake. Na ashukaye katika shimo la majitaka asiitegemee pua: gesi inukayo kama yai viza, ikizidi, hulemaza uwezo wa kunusa kabla ya kuua. Kutoweka kwa harufu si dalili ya usalama.